Maji ya Mjukuu Niliyoyanywa Mimi

Ndugu zangu, nyumba yetu ilikuwa na raha yake. Asubuhi binti yangu, fundi cherehani, alimnyonyesha mwanawe huku kiatu kimoja kiko mguuni na kingine hakijulikani kilipo. Mkwe wangu, seremala, alikuwa tayari mlangoni na msumeno wake, lakini hakuondoka kabla ya kumuaga mwanawe. Mtoto huyo wa miezi minane tulimwita Mheshimiwa, kwa sababu ya kitambi chake na namna alivyotukazia macho, kana kwamba tumemletea barua isiyo na mhuri.

"Mheshimiwa, leo unaamuaje?" baba yake humwuliza.

Mtoto hutoa mapovu ya mate, nasi tukacheka. Wao wakaenda kazini, mimi nikabaki naye mkekani.

Kicheko kilipungua uji na viazi vya kuponda vilipozoeleka. Choo cha mtoto kikawa kigumu kama vikokoto. Alikunja miguu, akajikamua mpaka uso ukaiva, akalia kilio cha mtu mzima. Nesi wa zahanati akamwambia binti yangu aendelee kumnyonyesha, na kila mlo mtoto aonjeshwe maji kidogo.

Basi kila asubuhi binti yangu alichemsha maji, akayapoza, akajaza kichupa na kuweka kikombe kidogo pembeni.

"Mama, kidogo kidogo. Akikataa, niambie."

"Wewe ulijifunza kunywa kwa nani? Nimelea watano mimi. Nenda kazini!"

Wasomaji wangu, hapo ndipo aibu yangu inapoanza. Siku moja daftari langu la darasa la jioni lilikuwa wazi mezani. Nimeanza kusoma nikiwa na mvi, na mwalimu alikuwa ametupatia mistari ya kunakili. Nilitaka maji yaishe upesi nirudi kwenye herufi zangu. Nikamlaza mtoto chali mapajani, nikambana pua, nikammiminia, kama nilivyonyweshwa mimi utotoni.

Akapaliwa. Macho yalimtoka, sauti haikutoka. Nikamgeuza kifudifudi, nikampigapiga mgongoni, mpaka alipokohoa na kulia. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku hiyo akikiona kikombe tu, anafumba midomo na kugeuza shingo.

Nilipaswa kusema jioni ile ile. Binti yangu aliingia, hata mkoba hajautua.

"Amekunywa?"

"Amekunywa."

"Yote?"

Nikamwonyesha kichupa. Kilikuwa kitupu, maana maji niliyanywa mimi, nimesimama nyuma ya mlango wa jikoni. Kuyamwaga maji yaliyochemshwa kwa upendo namna ile niliona ni dhambi. Kusema uongo sikuona.

Kesho yake nikayanywa tena. Na kesho kutwa. Uongo wa kwanza ulinitoa jasho. Wa kumi niliusema huku nakunja nepi. Binti yangu akawa ananisifu kwa majirani: "Mama yangu ana mkono jamani! Mtoto anamaliza kichupa!" Nami nikainamisha kichwa, watu wakadhani ni unyenyekevu.

Wiki ya tatu mtoto alikaa siku tano bila choo. Siku ya sita kilitoka kidogo, kina damu. Nilipiga magoti nikaomba, "Ee Mungu, mfungue mjukuu wangu." Kila nilipolisema neno hilo, kile kichupa kilinijia mbele ya macho. Nadhani Mungu alikuwa ananijibu. Mimi nikaomba kwa sauti ya juu zaidi, nisimsikie.

Tukaenda zahanati sote wanne. Daktari alimkagua mtoto, akauliza maswali, na binti yangu akajibu kwa uhakika.

"Maji anakunywa kichupa kizima kila siku. Wiki tatu sasa."

Daktari akakunja uso. "Kama maji anayapata hivyo na choo bado kimefunga, basi tuuangalie utumbo wenyewe. Nawaandikia mwende hospitali kubwa. Huenda wakamlaza, wakamchoma sindano ya usingizi, wakakata kipande kidogo cha utumbo wakipime."

"Wamkate?" mkwe wangu aliuliza. Vumbi la mbao lilikuwa bado nyusini mwake. "Huyu?"

"Kwa maelezo mliyonipa, siwezi kukaa kimya."

Binti yangu alimkumbatia mwanawe. Kalamu ya daktari ilikuwa inatembea kwenye karatasi. Ndugu zangu, mimi mbele ya mkwe wangu sijawahi hata kupenga kamasi. Nilitamani kusubiri, nimwambie daktari pembeni. Lakini kalamu haikusubiri.

"Daktari, usiandike."

"Kuna nini, bibi?"

"Maji hakunywa yeye."

"Alikunywa nani?"

"Mimi."

Mkwe wangu akatazama dari, kwa heshima, asinione uso. Binti yangu ndiye aliyenitazama.

"Yote, mama?"

"Yote."

"Wiki tatu nakusifu mtaa mzima."

Hakupaza sauti. Laiti angepaza.

Nikaeleza kila kitu, pua niliyoibana na kupaliwa kwake. Daktari akaweka kalamu chini. "Bibi, nilikuwa karibu kumtibu mtoto ugonjwa ulio kwako." Akamkagua upya, akasema damu ile ni ya mchubuko wa choo kigumu. Akampa dawa ya kulainisha, akataka kumwona baada ya siku nne kabla ya kuamua safari yoyote.

Nesi ndiye aliyenifundisha. "Kikombe kile kifiche, ameshakiogopa. Usimlaze, mketishe wima. Mguse mdomo wa chini kwa kijiko, kisha ngoja afungue mwenyewe. Akigeuza uso, mwache, jaribu mlo ujao. Kunyweni mbele yake, awaone mnafurahia. Na uji uwe mwepesi, na matunda laini ya kuponda." Akanitazama. "Na bibi, usiende kuwafundisha wenye vichanga. Chini ya miezi sita ni maziwa tu, maji bado."

Binti yangu alibaki nyumbani siku tatu, akinisimamia kama msimamizi wa mtihani. Siku ya kwanza mtoto alitema. Siku ya pili alilamba kijiko. Siku ya tatu nilikuwa nakunywa maji yangu, akaivuta bilauri kwa mikono miwili, akatumbukiza kidevu, akalowa mpaka kitovuni. Akameza funda moja. Akataka tena.

Siku ya nne choo kilikuja, laini, bila kilio. "Mheshimiwa ametoa tamko!" mkwe wangu alipiga kelele, tukacheka wote. Mimi nilicheka nikitazama chini. Daktari alipomwona, akasema hakuna safari.

Binti yangu akarudi kazini. Jioni ile aliuliza tena.

"Amekunywa?"

"Vijiko vitano. Cha sita amekitema."

 Alipiga magoti, akafungua nepi ajionee mwenyewe. Sikukasirika. Ana haki.

FUNZO

Ndugu zangu, mtoto mchanga hana ulimi wa kujitetea. Daktari anamsikia kupitia kinywa chako tu. Ukikijaza uongo, mtoto ndiye atakayelipia kwa mwili wake. Usimlazimishe mtoto kunywa kwa kumbana, maana utamfundisha kuogopa. Mkalishe, mngoje, mwonyeshe. Kama umeshindwa, hata kama umelea watano, hata kama umelea kumi, sema umeshindwa. Na usimwombe Mungu afungue jambo ambalo wewe umelifunga kwa mkono wako. Namwomba anisamehe, nawe usiyarudie yangu. Ukiulizwa, "Amekunywa?", na hakunywa, sema hakunywa.