Malkia wa Banda la Abibo

Banda la video la Abibo, pale sokoni Mocímboa da Praia, lilijaa hadi mlangoni. Sumaia aliingia kuchaji simu tu. Alikuwa hoi: miaka mitatu ya kukimbia vita na kukaa kwa watu Pemba, ile ya Msumbiji, na sasa wiki ya pili akifundisha shuleni, darasa moja wanafunzi tisini. Akaegemea ukuta, kapulana yake ya manjano kafunga kiunoni kama kanga, akatazama.

Kwenye televisheni, malkia wa enzi za kale aliyejaa dhahabu hadi vidoleni alikuwa akiwahukumu waliokimbia vita. Mchezo wenyewe, novela, ulikuwa wa Kireno. Abibo, mrefu, shati jeupe limenyooka kwa pasi, alishika maikrofoni akiwafasiria watu.

"Malkia anasema waliokimbia warudi! Nyumba zao zipo, anawangoja!"

Vigelegele. Bibi mmoja akafuta machozi. Sumaia akashtuka, maana alijua Kireno, na malkia alikuwa amesema aliyekimbia hana tena ardhi.

Watu walipotoka, akamfuata Abibo. "Hakusema hivyo, yule malkia."

"Kumbe leo tuna professora humu!" Abibo akacheka. "Nisamehe, mrembo. Nipe namba, uwe unanisahihisha."

Akampa, huku akijishangaa. Tangu siku hiyo simu hazikukatika.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umenikumbuka?"

"Nimechoka, Abibo."

"Basi njoo uchokee kwangu."

Alimpenda, wala hakuficha. Lakini kila Ijumaa, siku ya novela, malkia wa Abibo alizidi kuwa mwema, na Abibo alipotaja habari ya posa, Sumaia hakuweza kunyamaza tena.

"Novela hii imetengenezwa ili tumpende mwenye kiti cha enzi, lolote atakalofanya. Anachoma vijiji, na wewe unampa huruma asiyokuwa nayo. Unamfanyia kazi yake!"

"Watu wamechoka, Sumaia. Wanataka neno la kulalia."

"Hata mimi nililazwa na maneno! Pemba kila mtu aliniambia nyumba ya marehemu baba, kijijini kwetu Quiterajo, imesimama. Mama yuko Pemba mpaka leo, amefunga mizigo akingoja kurudi. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kutazama. Siolewi na mtu ambaye kila akisema, lazima nitafute alichoficha."

Wiki mbili hakupokea simu yake. Kisha Zuleica, mwalimu mwenzake, akamletea habari: Ijumaa iliyopita Abibo alifasiri neno kwa neno, halafu akakiri kwamba siku zote alikuwa akiwadanganya. Nusu ya watu walitoka wakimtukana.

Siku ya pili simu ililia wakati wa mapumziko. Akapokea.

"Niko Quiterajo," Abibo akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetembea sana. "Umekaa?"

"Sema."

"Nyumba haipo. Umebaki msingi, na kisima kimefukiwa. Jirani yenu Amisse ndiye aliyenionyesha. Nilimwuliza mara mbili, nikitumaini amekosea."

Sumaia akakaa kwenye ngazi ya darasa, akalia. Aliililia nyumba, akamlilia baba yake, akalia pia kwa nafuu, maana hatimaye alijua. Abibo hakukata simu wala hakumnyamazisha.

"Upo?" akauliza baadaye.

"Nipo."

"Sina la kukuliwaza, mpenzi. Ningekuwa nalo ningekupa."

Sumaia akafuta uso kwa pindo la kapulana. "Usirudi Mocímboa kwanza. Shuka Pemba, ukanipose kwa mama."

"Sumaia! Kweli?"

"Kweli. Lakini kabla hujataja posa, mweleze habari ya nyumba. Mweleze kama ulivyonieleza mimi."