Jumanne Iliyokuwa Wazi

Mialy alitia tiki kazi tisa Jumatatu ile asubuhi, na kwenye kalenda zikatokea kumi.

Alizihesabu mara mbili, kitumbua kimoja mdomoni na simu mkononi, akipanda ngazi za kuelekea ofisini. Kazi yake ilikuwa kupangia watu ratiba katika kampuni moja ya kupokea simu za wateja, pale bondeni Antananarivo, kwa hiyo kuhesabu vizuri ndiko kulikomlisha. Programu ile mpya aliipenda kama kitu cha dhahabu. Una orodha yako ya kazi; unayoitia tiki inahamia kwenye kalenda na kupewa siku na saa, usiyoitia inabaki orodhani ikikungoja. Alikuwa ametia tiki vikao, ripoti, chanjo ya binti yake Onja, fundi wa bomba. Hakuitia tiki ile ya mwisho kabisa, ambayo huu ulikuwa mwaka wa nne iko palepale: Kumfunika Mama.

Sasa ndiyo hiyo ilikuwa ya kumi. Leo, saa nne asubuhi. Tena haikuandikwa kama alivyoiandika yeye. Iliandikwa: Nifunike.

"Onja huyu," alinung'unika. Mtoto alikuwa na miaka sita na hakuna kitufe cha kijani alichokiona asikibonyeze. Mialy akafuta, akaingia kazini.

Saa nne haijagonga, Rindra wa meza ya jirani akamgeukia. Rindra ni mwanamke wa maneno. Hata msibani lazima atie mzaha.

"We Mialy, chumba cha mikutano umekichukua peke yako? 'Nifunike.' Haya, nani huyo anayetaka kufunikwa mchana kweupe, na mumeo yuko migodini kusini?"

"Sijachukua chumba mimi."

"Jina lako hili hapa, dada. Au umejichukulia usingizini?"

Wakaenda kuangalia, Rindra akicheka njia nzima. Walipofungua mlango kicheko kikamkauka. Vioo vya dirisha vilikuwa na ukungu kwa ndani, kana kwamba mtu amekuwa akivipumulia tangu alfajiri. Kulikuwa na harufu ya udongo mbichi na mkeka wa zamani uliolowa. Juu ya meza, mbele ya kiti cha mwisho, palikuwa na udongo mwekundu kidogo, kiasi cha kujaa kiganja.

"Mialy," Rindra alinong'ona. "Mama yako mlimweka wapi?"

Jibu lilimuumiza Mialy. Mama yake alifariki wakati wa mvua kubwa, kaburi la ukoo likiwa limefungwa na miaka yake ya kufunguliwa haijatimia. Wakamlaza peke yake kwenye udongo, hatua chache kutoka mlangoni mwa kaburi hilo, nyumba ya mawe walimolala wazazi wake, mkeka mmoja tu juu yake, na Mialy akaapa mbele ya watu: kiangazi kikija nitakutoa, nitakufunika hariri, nitakulaza na wenzako. Kiangazi kikaja, na kazi zikaja. Kikaja cha pili na cha tatu. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, ila hawakusema matumbo ya nani. Mara mbili mama alimjia ndotoni akitetemeka, akisema anasikia baridi, na mara zote mbili Mialy aliamka, akaandika kwenye orodha, akaona amekwisha kutimiza.

Alifuta ile ya saa nne. Ikaja saa tano. Akafuta, ikaja saa saba. Jumanne ikajaa, Jumatano ikajaa, na kila alipofuta, simu ilitoa mlio ambao hakuuchagua yeye, mlio wa kitambaa kikubwa kinachopasuliwa polepole. Ijumaa aliukuta udongo mwekundu katikati ya vitufe vya kompyuta yake, akaufuta kwa leso, akageuka kuchukua kikombe, akarudi akaukuta tena, mbichi, na ndani yake pana alama ya vidole vilivyotambaa kuelekea upande wake. Basi hapo moyo ukamshinda, akaishika simu kwa mikono miwili, akafungua orodha, akaitia tiki ile kazi ya miaka minne, na alipoulizwa siku akatafuta mahali popote palipo wazi katika wiki ijayo iliyojaa pomoni, akaona mahali pamoja tu, Jumanne saa nane mchana, akapabonyeza, huku akijiambia moyoni kwamba ni kwa muda tu, ataihamisha baadaye.

Papo hapo simu ikaandika: Mama amekubali.

Harufu ikaisha. Vioo vikakauka. Mialy akacheka peke yake, machozi yakimtoka, akamwambia Rindra, "Kumbe alichotaka ni siku tu!"

Furaha hiyo haikumaliza saa moja. Mama Mkubwa Bakoly, dada wa marehemu, akapiga simu, na hakuanza na salamu, alimwita kwa jina lake kamili.

"Mialisoa. Huu mwaliko ulioniletea umeandikwa Jumanne. Umelewa?"

"Sikukutumia mwaliko, Mama Mkubwa. Na hiyo siku ya muda tu, nitaihamisha."

"Utaihamisha! Ahadi ya maiti inahamishwa kama kiti? Jumanne kaburi halifunguliwi, mwanangu. Hata vitoto vya hapa mtaani vinalijua hilo. Kaburi likifunguliwa Jumanne halishibi mtu mmoja. Ulikwenda kwa mnajimu?"

Mialy aliikunja ile leso yenye udongo.

"Hukwenda. Umemchagulia mama yako siku kama unavyochagua siku ya kusuka nywele." Sauti ya mama mkubwa ikashuka. "Na niambie jambo lingine. Mfumaji ameshaleta sanda, anasema ulimwandikia wewe. Sawa. Lakini mbona mbili? Moja kubwa, moja ndogo."

Mialy akakata simu. Akajaribu kuihamisha siku. Jumatatu imejaa, Jumatano imejaa, imejaa mpaka mwisho wa mwaka, na kazi zote zilizojaza ni zake, za tiki zake mwenyewe. Alipozifuta ili apate nafasi, zilirudi.

Kesho yake akaenda kwa mnajimu. Alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu, akiishi juu ya duka la kuziba pancha, na siku za watu alizipanga kwenye daftari la miraba kama alivyokuwa akisahihisha mitihani. Alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Wenzako huja kwangu kwanza, ndipo wanamwahidi marehemu," alisema. "Wewe umemwahidi, ndipo unakuja. Sasa mimi nitachagua nini?"

"Nisipokwenda, mzee wangu?"

"Alikufuata ofisini hujampa siku yoyote. Sasa umempa. Unadhani atakuja kukaa kwenye kiti safari hii?"

"Na nikienda?"

"Atafunikwa, atashukuru. Ila ni Jumanne, lazima atafute wa kumsindikiza. Na miaka minne ya upweke si mchezo."

"Basi anichukue mimi. Mwambie anichukue mimi!"

Mzee alimtazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomtisha Mialy kuliko yote. "Hachukuliwi anayejitolea, binti yangu. Huchukuliwa anayeitikia akiitwa. Waambie watu wa nyumbani kwako wasiitikie."

Mialy akashika hilo. Aliapa kwamba atakayeitikia ni yeye. Alirudi nyumbani akafungua ule mwaliko, akatafuta pa kubonyeza ndiyo, asipaone. Mwenye kualika hajibu mwaliko wake mwenyewe. Onja alimkuta amekaa sakafuni analia, akamfuta machozi kwa mkono wa sweta.

"Ukisikia mtu anakuita Jumanne, usiitike," Mialy alimwambia. "Hata akikuita kwa sauti yangu. Umenisikia?"

"Nisiitike kabisa?"

"Kabisa. Hata ee usiseme."

Mtoto akaapa kwa kidole.

Jumanne Rindra aliomba ruhusa kazini ili akae na mtoto. Mialy aliizima simu, akaitia kabatini, kwa maana hakutaka kile kidude kimfuate makaburini. Na kando yake mama mkubwa akaiweka ile sanda ndogo, kwa sababu aliapa haitatoka nje ya mlango.

Hapakuwa na tarumbeta wala ngoma wala wali wa wageni, kama inavyostahili mtu akitolewa kaburini na kufunikwa upya. Walikwenda wachache, vichwa chini, ukungu ukiwa umelala juu ya mashamba, na vijana wawili wa ukoo walichimba bila kusemezana. Mialy aliingiza mkono chini ya mkeka ulioharibika, akakishika kilichobaki cha mkono wa mama yake, na baridi aliyoikuta pale haikuwa baridi ya udongo, iliingia kiganjani, ikapanda mpaka kwenye meno. "Nisamehe, Mama," alisema. Wakamzungushia hariri, wakamfunga, wakambeba hadi kwenye nyumba ya mawe, wakamlaza kati ya baba yake na mama yake. Mialy alisimama mlangoni akisubiri kuitwa. Alisubiri kwa masikio yote, jibu likiwa tayari mdomoni, na hakuna aliyemwita. Mlango wa jiwe ukafungwa.

"Pengine ametuhurumia," mama mkubwa alisema njiani. Mialy alianza kutumaini, na hilo nalo lilikuwa kosa.

Rindra aliwafungulia mlango akitabasamu. "Katulia kama malaika. Hajasumbua hata kidogo, anacheza tu chumbani na simu yako."

"Simu gani?"

"Si ile ya kabatini? Ilikuwa inalia, dada. Mlio wa ajabu, kama nguo inachanika."

Mialy alimpita. Onja alikuwa ameketi kitandani, amejizungushia ile sanda ndogo mpaka shingoni, na ilimtosha sawasawa, kama aliyepimiwa.

"Sikuitika, Mama," alisema upesi, kwa fahari. "Simu iliita, nikanyamaza kimya. Hata ee sikusema. Nilibonyeza tu ile ya kijani."

Kwenye kioo cha simu mwaliko ulikuwa bado wazi. Haukutoka kwa Mialy. Ulitoka kwa mama yake, ulitumwa saa nane kamili, wakati Mialy amesimama mlangoni mwa kaburi akitega masikio. Jina lililoalikwa lilikuwa Mialisoa. Jina lililokubali lilikuwa Onja. Jumanne ijayo.

Mama mkubwa aliporomoka ukutani akiziba mdomo kwa kanga. Mialy alipiga magoti, akaikamata ile hariri kuivuta, mtoto akaishikilia kwa nguvu.

"Usinivue, Mama. Nasikia baridi."

Akamshika mkono, na baridi ile ikamwingia kiganjani, ikapanda mpaka kwenye meno.