Bei ya Kengele

Jua lilikuwa limefika kwenye ncha za boma la miiba Nafiso alipotumwa sukari.

"Usikawie," alisema Sirad, mama yake. "Filimbi ikilia ukiwa njiani, hakuna atakayekuuliza jina."

Ulikuwa mwaka wa 1967. Wachungaji wa pande zile, karibu na mji wa Garissa, walikuwa wamekusanywa kwa amri ndani ya boma moja lenye lango moja na askari mlangoni. Aliyeonekana nje baada ya filimbi ya jioni alihesabiwa kuwa shifta, mmoja wa waasi waliokuwa vitani na serikali, akapigwa risasi. Kabla ya amri hiyo, Hared, ndugu yake Nafiso, alikuwa ametangulia na ngamia kufuata visima vya Dadaab. Amri ilikuja, lango likafungwa, mvua ikakataa kunyesha, na Hared hakurudi.

Kila jioni Sirad alitandika mikeka mitatu. Wa tatu ulikuwa wake Hared.

Duka la Kioko lilikuwa ndani ya boma, karibu na lango. Kioko alikuwa Mkamba aliyekuja na soda na viberiti na kukwama humo humo vita vilipochacha. Alikuwa na mdomo, lakini alikuwa na roho nzuri.

"Binti Nunow! Usiseme, nitasema mimi. Sukari. Na majani ya chai kidogo, maana mgeni akija mtaona haya."

"Umejuaje?"

"Dada, njaa hainunui kitu. Mtu hununua kwa aibu, au kwa wivu, au kwa ajili ya mtu fulani. Mimi humtazama macho tu." Akacheka, akachota sukari.

Nyuma yake, kwenye msumari, kilining'inia kitambaa cha kichwa, cha buluu, kipya.

Nafiso akatabasamu. Boma zima lilijua habari za Kanana, mke wa Kioko, Mmeru aliyebaki Kitui. Kioko alimtaja kila alipopima sukari. Nikirudi mikono mitupu, alikuwa akisema, Kanana atanichinja kwa macho tu, panga litapumzika.

"Hatimaye umemnunulia," Nafiso alisema. "Kanana atafurahi."

"Nani?"

"Kanana."

"Kanana ndiye nani?"

"Mke wako, Kioko."

Kioko akaangua kicheko. "Mimi na mke! Nani wa kumpa Kioko mke?" Kisha kicheko kikakatika katikati, kama kamba. Akageuka kukitazama kile kitambaa. "Nilikinunua jana kwa yule mzee anayekaa nje ya lango. Mtu wa kwetu kabisa yule. Kikamba chake safi, kama cha marehemu babu yangu."

"Ulikinunua kwa nini?"

Kioko akakishika pembeni, akakisugua kwa vidole.

"Hata sijui," alisema polepole. "Ni cha buluu tu…"

Nafiso aliona Kioko amechoshwa na vita, kama watu wengi. Akachukua sukari yake akatoka.

Nje, harufu ilimpiga puani. Harufu ya mvua ya kwanza ikigusa vumbi. Alitazama juu. Mbingu ilikuwa tupu, kavu kama ngozi iliyowambwa. Hapakuwa na wingu hata moja.

Ndipo akasikia.

Kok… kok-kok… kk.

Akasimama.

Kok… kok-kok… kk.

Ilikuwa kengele ya ngamia, ile ya mti. Marehemu baba yake, Nunow, aliichonga mwenyewe. Siku moja ilipasuka akaifunga kwa ukanda wa ngozi mbichi, na tangu hapo pigo lake la mwisho lilikufa kabla ya kuisha. Hapakuwa na nyingine duniani yenye sauti ile. Ilivaliwa na ngamia jike aliyeongoza kundi, na nyuma ya ngamia yule alitembea Hared.

Kwao ngamia huuzwa, lakini kengele yake haiuzwi. Muuzaji huivua shingoni na kurudi nayo nyumbani, ili baraka isimfuate mnunuzi. Kengele ikionekana sokoni, basi ngamia wake hakuuzwa; aliibwa au alikufa.

Nafiso alikimbia.

Mzee alikuwa ameketi nje ya lango, kando ya birika lililokauka. Kikoi chake kilikuwa cheupe pe, bila chembe ya vumbi, katika nchi ambayo hata maziwa yalikuwa na vumbi. Mbele yake palikuwa na mkeka, na juu ya mkeka vitu vichache: kiatu kimoja cha mtoto, ubao wa kuandikia Kurani, kibuyu cha maziwa chenye ushanga. Hapakuwa na mizani wala kopo la kuwekea hela.

Na mbele yake, amechuchumaa, alikuwa Sirad, naye ameifuata sauti ile ile. Kengele ilikuwa mikononi mwake.

"Niambie bei," Sirad alikuwa akinong'ona.

"Niambie kwanza unainunulia nini," mzee alijibu. Alisema Kisomali. Kisomali cha kale, cha nyanya zao waliozikwa zamani.

Sirad hakuona ubaya. Kwao wasafiri hupeana habari kabla ya kupeana maji, na aliyepotelewa na mtu humtaja kwa kila alama yake, mbele ya kila mgeni, ili habari zimtafute. Alikuwa amekwisha kumweleza Hared kwa madereva, kwa masheikh, hata kwa askari.

"Naitaka kwa sababu ya mwanangu," alisema. "Hii ndiyo kengele aliyokuwa akiifuata. Nikiipiga, ngamia yule atakuja, na yeye nyuma yake."

"Ndiyo. Na nini tena?"

"Alizaliwa usiku wa mvua. Tulimfunika kwa ngozi."

Koo la mzee likapanda, likashuka.

Alikuwa akimeza.

"Na nini tena, mama?"

"Ana kovu juu ya jicho. Mwanambuzi alimpiga pembe, naye akalia, akamwombea yule mwanambuzi asichapwe."

Akameza.

"Tena…"

"Anapenda povu la maziwa. Anajifanya hapendi…" Sirad alikuwa akitabasamu huku machozi yakimtoka. "Huimba vibaya. Hata ngamia humgeukia."

"Tena."

Nafiso alisimama nyuma yao na sukari mkononi. Alidhani ni mchuuzi mwenye kupenda maneno, basi. Lakini kadiri mama yake alivyosema ndivyo sauti yake ilivyopungua, na machozi yakakauka, na uso ukalainika kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. Harufu ya mvua ikazidi.

"Anaitwa…" alisema Sirad. "Anaitwa Hared."

Mzee akafumba macho. Akameza mara ya mwisho, taratibu, kama mtu anayemalizia asali.

"Inatosha. Kengele ni yako."

Filimbi ikalia langoni. Nafiso alimshika mama yake mkono wakaingia mbio, na lango la miiba likaburutwa nyuma yao.

"Hooyo," alimwita mama yake akihema. "Mbona umemwambia yote yale?"

"Yapi?"

"Kengele hii, hooyo. Umeinunua kwa nini?"

Sirad aliitazama kengele kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyemtilia mkononi.

"Sijui," alisema. "Sauti yake nzuri."

Walipofika nyumbani Sirad alitandika mikeka miwili. Wa tatu aliuinua, akaugeuza huku na huku.

"Huu wa nani?"

Nafiso aliweka sukari chini.

"Mkeka wa nani huu, Nafiso? Panya watautafuna bure." Akaukunja, akautupa kwenye kona ya mbuzi.

"Hooyo… Hared."

"Hared yupi?"

Alimwuliza kwa upole kabisa. Nafiso alitamani angepigwa.

Nyumba yao ya mikeka ilikuwa ya mwisho, imeegemea ua wa miiba. Walipokwisha kuswali isha walikaa gizani, maana taa hazikuruhusiwa. Sirad akaichukua kengele, akaitikisa ovyo, kama mtoto mwenye kitu kipya.

Kok… kok-kok… kk.

"Usiipige, hooyo."

Kok… kok-kok… kk.

Nje ya ua, mahali ambapo hapakuruhusiwa kuwa na kiumbe, ngamia akaguna.

Kengele ikatulia mikononi mwa Sirad.

Hatua. Nzito, laini, za nyayo pana. Nyuma yake nyingine, nyepesi, za mtu anayeburuta mguu kwa uchovu. Zikaja hadi kwenye miiba. Zikasimama.

"Hooyo."

Nafiso akaruka kusimama.

"Hooyo, ni mimi. Nifungulie."

Sirad akainua uso. "Ni nani?"

"Hared."

"Hared wa nani, mwanangu?"

Nje, ngamia akahema.

Nafiso alikwisha kuufikia ua. Aliingiza mikono katikati ya miiba, ikamchana hadi viwikoni, akapapasa gizani. Vidole vikagusa vidole. Vilikuwa vikavu, vimejaa mchanga. Hakuweza kujua kama vilikuwa vya moto au vya baridi, kwa sababu vyake havikuwa na hisia tena.

"Walaal, ndugu yangu, ni mimi Nafiso. Ingia hapa, nitaivuta miiba."

"Siwezi, abaayo, dada yangu," sauti ilinong'ona. "Nimeitwa kwa kengele. Aliyeniita ndiye wa kunifungulia." Kisha, taratibu zaidi: "Mbona hooyo hanijui?"

Nafiso akageuka. "Hooyo! Njoo! Sema tu, ingia. Neno moja tu, hooyo, nakuomba."

Sirad akaja hadi uani. Alikuwa mwanamke mwenye huruma, na huruma yake haikuchukuliwa. Akainama, akasema kupitia miiba kwa sauti ile ile aliyomlelea Hared:

"Mtoto wa watu, usizurure usiku, watakupiga risasi. Nenda kwenu, mwanangu. Mama yako atakuwa hajalala, anakungoja."

Vidole vikaachia.

Hatua pana zikaondoka. Za kuburuta zikafuata. Nafiso alizisikiliza hadi zikawa kitu cha kuwaziwa tu. Nyuma yake mama yake alisema, "Maskini," akarudi kulala.

Jioni iliyofuata Nafiso alitoka langoni kabla ya filimbi, mikono imefungwa vitambaa. Mzee alikuwa palepale. Harufu ya mvua ilikuwa palepale.

"Nirudishie alichokupa mama yangu."

"Ah." Mzee alimtazama kwa wema. "Hiyo sasa ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Naweza kukuuzia. Unainunulia nini?"

Maneno yakampanda Nafiso mdomoni yenyewe, matamu. Kwa sababu ni mama yangu. Kwa sababu alinibeba mgongoni tangu Hadado hadi hapa, wakati wa njaa. Kwa sababu mkono wake…

Akaliona koo la mzee likijiandaa.

Akafunga mdomo. Aliuma ulimi hadi akaonja chumvi. Angemrudishia mama yake Hared, halafu yeye mwenyewe angemwangalia mama yake na kuuliza, mwanamke huyu wa nani?

"Basi?" mzee alinong'ona. "Wote husema, binti. Hakuna anayenunua bila sababu."

Nafiso alirudi ndani ya boma bila kununua kitu. Kesho yake mahali pale palikuwa vumbi tupu, na askari wa langoni akaapa kwamba hajapata kumwona mzee yeyote hapo.

Baada ya mvua kunyesha, mvua ya kweli, alikuja mchungaji aitwaye Kerrow, jamaa wa marehemu Nunow. Alimkuta Nafiso peke yake, na kwa hilo alionekana kushukuru. Akasema alikutana na kijana mbali huko, ng'ambo ya Dadaab, ana ngamia mmoja asiye na kengele, na kovu juu ya jicho. Kijana alikuwa akipita nyumba hadi nyumba, akiuliza kama mama yake yumo.

"Nikamwambia, si wewe ni wa Sirad? Akasema huko ametoka. Mwenye nyumba amemwambia aende kwa mama yake, anamngoja." Kerrow alitazama chini. "Nilimpa maziwa. Asubuhi hakuwapo. Nyayo za ngamia niliziona, Nafiso. Za mtu sikuziona. Na maziwa yalikuwa vile vile. Povu tu ndilo lililokwisha."

Nafiso hakumwambia mama yake. Angemwambia habari za nani?

Kengele aliishindilia nyasi ndani, akaitundika juu ambapo mikono ya mama yake haifiki. Vita vilikwisha, lango likafunguliwa, Kioko akarudi kwao na kitambaa cha buluu kichwani mwake mwenyewe. Nafiso akaolewa, akamchukua Sirad kuishi naye mtaa wa Galbet, mjini Garissa. Jina la Hared aliwafundisha watoto wake mchana, jua likiwa juu, kisha akawaapisha wasilitaje sokoni. Na mchuuzi akimwuliza, hata kwa utani, "Unamnunulia nani, mama?" Nafiso hukiweka kitu chini na kuondoka.

Lakini mkeka ule wa tatu aliutoa kwenye kona ya mbuzi, akauosha, na kila jioni aliutandika karibu na mlango.

"Wa nani huu?" Sirad aliuliza kila jioni, hata alipokuwa mzee wa kushikwa mkono.

"Wa mgeni, hooyo."

Sirad aliupapasa, akaunyoosha pembe zake, akaomba aletewe kikombe cha maziwa, yale ya juu yenye povu, akakiweka pembeni. Mkono ulijua. Kisha alikaa kuelekea mlangoni, na machozi yakamtiririka, naye akayafuta kwa mshangao, kama mtu aliyenyeshewa ndani ya nyumba.

"Mgeni wako huyu," alisema, "anachelewa."