Picha Ndani ya Kisima

Kila Jumamosi asubuhi Sikudhani alifagia uwanja, akaosha vyombo, kisha akamwomba mama yake simu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: kupiga picha. Pale kijijini Kitangari hapakuwa na kuku, mbuzi wala korosho zilizoanikwa ambazo hakuwa amezipiga picha. Bibi wa jirani alipigwa picha akimenya muhogo, akalalamika kuwa mapengo yake yameonyeshwa bila ruhusa. Hata Twahiru, mdogo wake wa miaka mitatu, akiiona simu tu alijua kazi yake: alisimama wima, akabinua tumbo na kucheka.

Jumamosi hiyo baba alikuwa shamba. Mama alikuwa nyuma ya nyumba akitenganisha korosho na mabibo yake.

"Chukua," mama alisema akimpa simu, "lakini macho yako yawe kwa mdogo wako. Mimi nina kazi."

"Ndiyo, mama."

Siku moja kabla, rafiki yake Ziada alikuwa amepiga picha ya kipepeo, na kila mtu akaisifu. Sikudhani alitaka picha ya kuishinda. Akazunguka uwanja mzima, mpaka macho yake yakatua kwenye kisima.

Kisima chao kilikuwa kama vya majirani wengi kule kwenye uwanda wa juu, ambako mito haipo na maji huokotwa angani. Lilikuwa shimo refu lililosakafiwa kwa saruji, lililopokea maji ya mvua kutoka kwenye bati la nyumba. Maji hayo ndiyo yaliyowavusha kiangazi. Juu yake palikuwa na mfuniko wa mbao, na juu ya mfuniko, jiwe. Amri ya nyumbani ilikuwa fupi: mtoto hafungui. Maji yakihitajika, mkubwa huchota.

Sikudhani aliijua amri hiyo kama alivyolijua jina lake. Lakini aliwahi kuchungulia mama akichota, akaona mawingu yamelala ndani ya maji. Aliitaka picha hiyo, mawingu na uso wake katikati. Akalisukuma jiwe, akauvuta mfuniko, akalala kifudifudi ukingoni na kupiga. Picha ilitoka nzuri mno hata akacheka peke yake.

"Ngoja Ziada aione hii!" alisema, akatoka mbio kwenda nyumba ya jirani. Mfuniko aliusahau. Twahiru naye aliachwa akichezea mchanga na kikopo chini ya mkorosho.

Ziada aliitazama picha, akabetua midomo. Wakabishana, wakaitazama tena, wakabishana tena. Katikati ya ubishi huo Sikudhani akaukumbuka mfuniko. Akarudi mbio.

Uwanja ulikuwa kimya, na kisima kilikuwa wazi. Hakuchungulia ndani. Alichowaza ni mama na fimbo ya mpera tu. Akauburura mfuniko, akalirudisha jiwe mahali pake, akajifuta mikono kwenye sketi. Hakuna aliyeona, akajiambia.

Ndipo mama akatokea. "Twahiru yuko wapi?"

Sikudhani alitazama chini ya mkorosho. Kikopo kilikuwapo, mchanga ulikuwapo. Twahiru hakuwapo.

"Alikuwa hapa," alisema kwa sauti ndogo.

"Hapa wapi? Nilikuachia nini, wewe?"

"Labda amekwenda barabarani, mama. Nilimwona akielekea huko."

Hakuwa amemwona. Uongo ulimponyoka tu kwa hofu. Mama alijifunga khanga vizuri akatoka mbio huku akiita. Majirani wakaacha korosho zao. Mrisho, baba yake Ziada, akashika njia ya shuleni, na wengine wakaenda barabarani. Sauti za "Twahiru! Twahiru ee!" zikawa zinazidi kwenda mbali. Watu walipita kando ya kisima na hakuna aliyekitilia shaka. Kilikuwa kimefunikwa kama siku zote. Mtoto wa miaka mitatu angewezaje kuinua jiwe lile?

Sikudhani peke yake ndiye aliyejua. Alisimama uwanjani, macho kwenye mfuniko. Aliogopa kusema, aliogopa kunyamaza, na zaidi ya yote aliogopa kuusogelea mfuniko ule na kusikiliza. Je, kama yumo? Je, kama nimemfungia mimi, kwa mikono yangu hii? Alitamani mtu mwingine agundue, ili yeye asiwe wa kusema. Lakini hapakuwa na mtu mwingine wa kugundua.

Baba Ziada alirudi akihema kuchukua baiskeli.

"Shikamoo," Sikudhani alisema, ingawa alikuwa amekwisha kumwamkia asubuhi. Ulimi ulikuwa umepotea njia.

"Marahaba. Una nini, Siku? Mbona unatetemeka hivyo?"

"Kisima, Baba Ziada. Kilikuwa wazi. Nilikifungua mimi nipige picha, halafu nikaja kwenu. Niliporudi nilikifunika bila kuangalia. Sikumwona akienda barabarani. Nilidanganya." Maneno yalimtoka yote kwa pamoja, kilio kikafuata.

Baba Ziada aliitupa baiskeli. Akalisukuma jiwe, akauinua mfuniko. "Twahiru!"

Kutoka chini kikaja kisauti kilichokauka kwa kulia: "Maa..."

Kiangazi kilikuwa kimeyala maji mengi, na yaliyobaki yalimfika mtoto kifuani. Alikuwa amekishikilia kwa mkono mmoja chuma kimojawapo cha kukanyagia ukutani, kati ya vile ambavyo watu huvitumia wakishuka kusafisha kisima. Meno yalikuwa yakigongana. Baba Ziada alishuka kwa vyuma hivyohivyo, akapanda naye begani. Mama alipofika alipiga magoti, akamkumbatia mwanawe aliyelowa, akalia kwa sauti. Sikudhani alitamani kumgusa mdogo wake, akaogopa.

Kwenye zahanati muuguzi alimvua Twahiru nguo, akamviringisha blanketi na kumkagua. "Mkono umevunjika, ila utaunga," alisema. "Amekaa majini kwa muda gani?"

Mama alimtazama Baba Ziada. Baba Ziada akatazama sakafu.

"Tangu kabla ya adhana ya adhuhuri," alisema Sikudhani. Hakuna aliyemlazimisha. "Kisima nilikiacha wazi mimi, dada muuguzi, kisha nikakifunika bila kuangalia."

"Umefanya vizuri kusema. Huo ni muda mrefu. Basi atalala hapa leo ili tukiangalie kifua chake."

Nje, mama aliketi kwenye benchi na kumwita. Sikudhani alisogea huku ameinamisha kichwa, akingoja kofi. Halikuja.

"Kukifungua kisima ni kosa, na adhabu yako ipo," mama alisema. "Simu hutaigusa mpaka niseme mimi. Lakini nisikilize, Siku. Ulipokifungua, mdogo wako alianguka. Ulipokifunika ukanyamaza, ulimzika. Kilichomfukua ni ulimi wako ulipokubali kusema kweli. Ukikosea, njoo uniambie, hata kama nimeshika fimbo. Maumivu ya fimbo yanapoa. Haya ya leo yangekuwa ya maisha."

"Nimekosa, mama. Nisamehe."

Mama alimfuta machozi kwa ncha ya khanga. Kutoka ndani Twahiru akaita, "Dada!"

"Nenda," mama alisema. "Unaitwa."