Gimbi la Maua

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Dafroza alifagia uwanja, akaosha vyombo vya usiku, kisha akachukua maji aliyosuuzia vyombo na kwenda nayo nyuma ya nyumba. Huko, kwenye upande usiopigwa na jua, mama yake, Dorotea, alikuwa amejenga kibanda cha matete. Chini yake yalipangwa makopo na makarai yaliyotoboka, na ndani ya hayo yalistawi maua ya kivulini: bigonia zenye shina la maji, majani laini yanayoning'inia kama manyoya, na mengine ya zambarau ambayo Dafroza hakuyajua jina.

Maji yalikuwa ya shida mwaka ule. Ilikuwa 1984. Sabuni ilipatikana kwa foleni, sukari kwa foleni, na mabomba ya Mwisenge, mtaa wao hapo Musoma, yalikuwa makavu kwa sababu pampu ilisubiri kipuri ambacho hakuna aliyejua kingefika lini. Kila nyumba ilichota maji ziwani kwa ndoo. Kwa hiyo Dafroza hakumwaga hata tone. Alitia kidogo huku, kidogo kule, na la mwisho siku zote lilikuwa kopo lake mwenyewe.

Kopo hilo lilikuwa na mmea aliopewa na shangazi yake, Lukresia, wa Nyasura kule Bunda. Majani yake yalikuwa makubwa yenye umbo la moyo, mekundu katikati, yamenyunyiziwa madoa meupe, na ukingo wa kijani. Watu wa mtaani waliliita gimbi la maua, maana liliota kutoka kwenye kiazi kama gimbi la kula. Mwalimu Esta, aliyewafundisha sayansi darasa la sita, aliwahi kumwomba alilete shuleni, akaliweka juu ya meza yake. Wanafunzi walisimama kulitazama. "Musoma nzima sijaona lingine," mwalimu alisema. Maneno hayo Dafroza aliyabeba moyoni kwa wiki nzima.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Mwanaupe, wa nyumba ya pili. Baba yake Mwanaupe, Mzee Alawi, alikuwa fundi bati. Alitengeneza vibatari na kuziba ndoo na masufuria. Makopo mengi ya Mama Dafroza yalitoka kwake. Mwanaupe ndiye aliyeyaleta, yakiwa yamekunjwa ukingo yasikate mikono na kutobolewa matundu chini.

Siku moja, wakirudi ziwani na ndoo kichwani, Mwanaupe alisema, "Dafroza, na mimi nataka kuanza maua. Baba amenipa kopo. Nigawie gimbi lako, hata kidogo tu."

Akilini Dafroza aliona meza ya Mwalimu Esta ikiwa na makopo mawili, lake likiwa si la pekee tena.

"Sawa," alisema mwishowe. "Nitakupa."

Jioni alifika kwenye kibanda na kisu. Mama yake alikuwa amemfundisha vizuri: gimbi la maua halioti kwa jani. Ni lazima ukate kipande cha kiazi chenye jicho, pale chipukizi linapotokea. Dafroza alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Akachagua jani zuri kuliko yote, akalikata na kikonyo chake kirefu, akampelekea Mwanaupe.

"Chomeka kwenye udongo," alimwambia. "Kivulini. Mwagilia kila siku."

"Umenikatia hili kubwa!" Mwanaupe alimkumbatia. "Mwenzangu una roho nzuri wewe!"

Dafroza alicheka, lakini macho yake yalikuwa chini.

Likizo ya mwezi wa sita ilipoanza, zilikuja habari kwamba bibi yake Dafroza, aliyeishi Butiama, ni mgonjwa na hawezi kuinuka kitandani. Baba yake alikuwa kazini Bunda, kwenye kiwanda cha pamba, na alirudi mwisho wa mwezi tu. Ikabidi mama na binti wafunge nyumba waende kumuuguza.

Mama alisimama mbele ya kibanda akiwa amefunga mzigo wake. Kiangazi kilikuwa kimeanza, na upepo mkavu uliyapeperusha matete. "Haya basi," alisema kwa huzuni. "Tutakuta vijiti."

"Nendeni tu, Mama Dafroza," Mwanaupe alisema. Alikuwa amekuja kuwaaga. "Nitayamwagilia mimi."

"Mwanangu, maji yenyewe haya ya kubeba kichwani?"

"Nitaweza."

Kule Butiama Dafroza alipika uji, akafua nguo za bibi, akamgeuza kitandani. Siku zilikuwa ndefu. Kila alipomkumbuka Mwanaupe alijaribu kufikiria jambo jingine, na hakuweza. Bibi alianza kupata nafuu polepole, akaweza kukaa, kisha akaweza kutembea hadi mlangoni. Mwezi ulikuwa karibu kuisha walipopata lori la pamba lililowarudisha Musoma.

Kitu cha kwanza walichofanya ni kuzunguka nyuma ya nyumba. Mama alishika mdomo. Udongo kwenye makopo ulikuwa na unyevu. Bigonia zilikuwa na maua. Majani yote yalikuwa yamepanguswa vumbi, moja moja. Na gimbi la Dafroza lilikuwa limetoa majani mapya, mapana kuliko ya kwanza.

"Twende tukamshukuru sasa hivi," Mama alisema. Alichukua fungu la viazi vitamu na karanga walizotoka nazo Butiama.

"Hodi hapa!"

"Karibuni! Mmerudi! Mgonjwa anaendeleaje?" Mama Mwanaupe, aliyeitwa Mwamvita, aliwapokea na kuwatandikia mkeka. Mama Dafroza alipoanza kushukuru, alimkatiza. "Msinishukuru mimi, mshukuruni huyo. Ndoo ya kwanza kila asubuhi ilikuwa ya maua yenu. Ya pili ndiyo yetu. Juzi ameteleza kwenye mawe kule ziwani, kucha ya dole gumba imeng'oka. Nikamwambia apumzike. Ameniambia, 'Mama, nimeahidi.'"

Mwanaupe alitoka ndani akichechemea. Mguu wake ulikuwa umefungwa kitambaa. Alicheka alipomwona Dafroza, akamshika mkono. "Njoo uone la kwangu."

Alimpeleka nyuma ya nyumba. Kwenye pembe ya ukuta alikuwa ametundika gunia kuukuu ili kuzuia jua. Chini yake kulikuwa na kopo, na ndani ya kopo kikonyo kikavu, cha rangi ya udongo, kimeegemezwa kwenye kijiti ili kisianguke. Jani lilikuwa limekwisha kuoza zamani. Udongo ulikuwa umelowa.

"Halijafa kabisa, eti?" Mwanaupe aliuliza. "Naona chini bado pagumu. Labda kuna mahali ninakosea. La kwako linastawi kwa maji yaleyale. Wewe unajuaga haya mambo, niambie ninakosea wapi."

Dafroza alikitazama kile kikonyo.

"Ungeweza kukata jingine," alisema kwa sauti ndogo. "Ulikuwa na kopo langu mwezi mzima."

Mwanaupe alishangaa. "Ningekataje, na wewe hukuwepo nikuombe?"

Jioni hiyo Dafroza hakugusa chakula. Mama, aliyekuwa anapepeta mtama, alimtazama. "Unaumwa?"

"Siumwi, mama." Kisha machozi yakamtoka, na maneno yakatoka pamoja nayo.

Mama aliweka ungo chini. "Ulijua kwamba halitaota?"

"Nilijua."

"Na alikuwa anakuuliza?"

"Karibu kila siku, kabla ya safari. Nilimwambia avumilie."

Dafroza alitamani afokewe. "Mimi siwezi kwenda kukuombea msamaha," Mama alisema. "Kikonyo ulikikata wewe. Utakwenda mwenyewe."

Asubuhi Dafroza alibeba kopo lake zima, na gimbi ndani yake, akaenda nalo kwa Mwanaupe. Alimkuta amekaa kizingitini. Alimweleza yote bila kuruka jambo, hata meza ya Mwalimu Esta. Akamwekea kopo miguuni. "Chukua lote."

Mwanaupe hakuligusa. Aliinuka, akachechemea hadi nyuma ya nyumba, Dafroza akimfuata, akashika kile kikonyo na kukivuta. Kilitoka bila shida. Hakikuwa na mzizi hata mmoja.

"Nilikuwa ninakuuliza," alisema, "na wewe unaniangalia tu usoni."

"Nisamehe."

"Ondoka na gimbi lako."

Akaingia ndani, akashusha pazia.

Dafroza alirudi nyumbani na kopo. Siku nzima hakujua afanye nini. Lakini kesho yake, kulipopambazuka, alikumbuka ule mguu uliofungwa kitambaa. Alikwenda ziwani, akachota maji, akaiweka ndoo mlangoni kwa kina Mwanaupe. Akarudi ziwani kuchota ya kwao. Kesho yake akafanya vilevile, na siku iliyofuata pia. Hakubisha hodi wala kumwita mtu. Mama Mwanaupe aliimimina ndoo kwenye mtungi na kumrudishia bila kuuliza kitu. Mara nyingine Dafroza aliona pazia likisogea, lakini hakuna aliyetoka.

Asubuhi moja aliikuta njia ina mtu. Mwanaupe alikuwa amesimama na ndoo yake, mguu umepona, amevaa kandambili.

Walitembea pamoja hadi karibu na maji.

"Bado nimekasirika," Mwanaupe alisema.

"Najua."

"Nilikuwaga nawaambia watu wewe ndiye rafiki yangu."

Walichota, wakatwishana, wakaanza kupanda. Maji yalikuwa yakimdondokea Dafroza begani, yakilowesha gauni lake hadi kiunoni.

"Ndoo yako inavuja," Mwanaupe alisema baadaye. "Ina maana siku zote hizo ulikuwa unatuletea maji na hiyo ndoo?"

"Ndiyo."

"Unafika nusu yake imekwisha!" Mwanaupe alijaribu kubaki amenuna, lakini kicheko kilimponyoka. "Ilete kwa baba aizibe. Mtu gani anabeba maji hivyo?"

Mchana ule, Mzee Alawi akiwa anaichomelea ndoo, wasichana wawili walikaa nyuma ya nyumba ya kina Dafroza, kando ya kibanda, na lile kopo katikati yao. Mama aliwaonyesha jinsi ya kumwaga udongo taratibu. Kiazi kilitokea, kimenona, kina macho kadhaa yaliyovimba. Dafroza alimpa Mwanaupe kisu.

"Kata wewe," alisema. "Chukua upande unaoutaka."

Mwanaupe alikata katikati, akachukua kipande kimoja, akakipangusa kwa kidole. Mama aliwaambia wapake majivu pale palipokatwa ili pasioze. Kisha akaegemea ukuta, akayatazama makopo yake chini ya matete.

"Mnaona hizo bigonia?" alisema. "Alinipa Mama Mseti, kabla hajahamia Bunda. Yale ya manyoya ni ya Mama Rafaeli. Alinibebea kwenye kitenge, mizizi na udongo wake. Haya ya zambarau nilipewa na mtu tuliyekutana kwenye foleni ya sabuni, hata jina lake silijui. Hakuna nilichonunua hapa. Na wote hao walikuwa na maisha magumu kama sisi." Akamgeukia binti yake. "Dafroza, kunyima ni vibaya, lakini mtu aliyenyimwa anajua amenyimwa, ataomba kwingine. Wewe ulimpa mwenzako kitu kisichofaa, ukamwacha akihangaikie. Maua yalikuwa yako, ungeweza kusema hapana. Ila ukiamua kutoa, toa kwa moyo wa kweli. Urafiki hauwezi kuishi kwa udanganyifu, hata ukiumwagilia kila siku."

"Nimesikia, mama," Dafroza alisema.

Mwanaupe alikuwa ameshika kiazi chake kwa mikono miwili. "Mama Dafroza, hiki kikizaa vingine, nimpe nani?"

Mama alicheka. "Usihangaike kumtafuta. Atakuja mwenyewe kuomba. Wewe mpe chenye jicho."