Jirani wa Kwanza Mlangoni

Mama mkubwa Rixt alishuka kwenye basi mbele ya lango la mji wa Aldesyl Jumamosi ya tarehe kumi na nane Februari, mwaka 1956, saa saba na dakika kumi mchana. Mifereji yote ilikuwa imeganda. Chini ya kuta za ngome watoto waliteleza wakisukuma viti vya jikoni mbele yao wasianguke, na kutoka kwa mwoka mikate ilitoka harufu ya mkate wa sukari.

Shemeji yake, Bauke, alikuwa kwenye barafu na wanaume wengine, ufagio mkononi, akisafisha njia ya kutelezea.

"Shemeji! Umekuja kuteleza au kugomba?"

"Mkeo anaumwa nawe unafagia barafu?"

"Mama amenifukuza. Anasema namzibia njia kama farasi jikoni."

"Kufukuza watu mama yako hakujamshinda hata siku moja."

Bauke alicheka. Kisha akaacha kucheka, akashusha macho kwenye ufagio wake.

Mdogo wake Rixt, Wytske, alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, na alikuwa akinyauka tangu Krismasi. Daktari alikuja mara mbili, akapima damu, akapima mkojo, hakuona kitu. Rixt alikuja amchukue ampeleke hospitali ya Ljouwert, mji alikoishi yeye, hata kama ingebidi ambebe mgongoni.

Katika familia yao Aldesyl ulikuwa mji usiotajwa mezani. Wytske alipoolewa huko, tena katika nyumba ile, baba yao hakwenda harusini.

Sababu ni hii. Mwaka 1917, Gatske, mama yake Bauke, alikuwa bibi harusi wa juzi mwenye mtoto mchanga mgonjwa. Walipasua mto wa mtoto wakakuta manyoya yamejisuka duara kama shada. Watu wa kule wanajua maana yake: kuna mtu anaroga, na duara likifunga mgonjwa anakufa. Dawa yake ni kuchemsha lile shada, milango imekomewa, tundu za funguo zimezibwa kwa matambara. Atakayebisha hodi wa kwanza ndiye mchawi. Asifunguliwe.

Aliyebisha wa kwanza alikuwa Ymkje, bibi yake Rixt, aliyeishi ukuta kwa ukuta na nyumba ile. Alibisha muda mrefu, ndoo ya maziwa mkononi. Hawakumfungulia. Mtoto alikufa usiku uleule.

Kwa miaka tisa hakuna aliyemsalimia Ymkje. Alipokufa, hakuna jirani aliyeshika jeneza lake. Mwanawe Douwe, baba yake Rixt, alilisukuma kwa toroli peke yake, na hakuruhusiwa kulizungusha kanisa mara tatu kama maiti wengine wanavyozungushwa.

Rixt alivua viatu kizingitini kwa kina Bauke kama wanavyofanya wote, akapanda juu bila kumsalimu mwenye nyumba.

Wytske alikuwa mfupa na ngozi. Alishika mkono wa dada yake kwa vidole vilivyobaki baridi hata chini ya blanketi.

"Dada," alinong'ona, "mto unanibana."

Rixt aliugeuza ule mto. Ushonaji wa pembeni ulikuwa mpya, uzi mweusi kwenye kitambaa cheupe. Mtu aliupasua, akaushona tena kwa haraka.

Alisikia nyundo chini.

Alipofika jikoni, mlango wa nyuma ulikuwa umepigiliwa ubao, na wa mbele umekomewa. Tundu la funguo lilizibwa kwa kitambaa chekundu. Gatske, mwanamke wa miaka sitini na mmoja, mikono yake myekundu kwa kufua, alisimama mbele ya sufuria kubwa iliyojaa maji pomoni. Ndani yake kulielea shada la manyoya, limebana, limesukwa vizuri kuliko kazi ya mkono wowote. Pengo lililobaki lilikuwa upana wa kidole.

"Zima moto huo," Rixt alisema.

"Namwokoa mdogo wako."

"Kama ulivyomwokoa mwanao?"

Gatske aligeuka kama aliyepigwa kofi. "Mwanangu alikufa, Rixt. Usimtaje."

"Nitamtaja, na bibi yangu nitamtaja. Mama Gatske, nijibu kitu kimoja tu. Nyumba ikiwa na mgonjwa, sheria ya mji huu inasema nani aje kwanza?"

Gatske aliigeukia sufuria yake.

"Sema!"

"Jirani wa ukuta."

"Basi mlitaka afike wa pili? Aliona moshi, akajua mnahangaika, akaleta maziwa kama anavyotakiwa. Mkamwita mchawi kwa sababu aliwahi! Na wewe ndiye uliyeshika komeo."

"Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Waliniambia nishike."

"Na miaka tisa iliyofuata? Nani alikuambia?"

Maji yalianza kuchemka. Saa ya ukutani ilisema saa nane kasoro dakika tano. Nje, ukungu ulikuwa umeshuka kutoka ziwani, na kelele za watoto kwenye barafu zilikuwa zimekatika bila yeyote kuzisikia zikipungua.

Mlango wa mbele ukabishwa.

Mara tatu. Taratibu. Si kwa kidole. Kwa ncha ya kiatu cha mti, kama mtu ambaye mikono yake imeshika kitu.

"Bauke?" Rixt aliita.

Alichungulia dirishani. Kizingiti kilionekana chote. Hapakuwa na mtu.

Mlango ukabishwa tena.

"Usifungue," Gatske alinong'ona. Midomo yake ilikuwa imekuwa ya kijivu. "Nakuomba, mwanangu. Ndivyo alivyobisha. Ndivyo hasa."

Rixt alisema baadaye kwamba hakuwa na ujasiri wowote. Alikuwa na hasira tu, na hasira ile haikuacha nafasi ya kitu kingine.

"Hakuna mtu wa kwetu atakayeachwa tena kwenye mlango huu," alisema, akavuta komeo.

Ukungu. Baridi. Barabara tupu.

Kizingitini, pembeni ya viatu vya Rixt, palikuwa na jozi ya viatu vya mti. Vidogo. Vya kizamani. Vimelowa, na vimepangwa vizuri, ncha zikielekea ndani.

Anayeviacha viatu mlangoni ameshaingia.

Ngazi ya kwanza ililia nyuma yao. Kisha ya pili. Kisha ya tatu. Hatua laini, za soksi za sufu.

Gatske alitoa sauti ambayo Rixt hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Rixt hakumtazama. Alikimbilia juu.

Chumbani hapakuwa na mtu isipokuwa Wytske. Lakini Wytske alikuwa amejisogeza mpaka ukingoni mwa kitanda, uso ukutani, kama mtu anavyompisha mwenzake. Upande wa pili godoro lilikuwa limebonyea.

Rixt alipiga magoti.

"Bibi," alinong'ona. "Huyu ni wa Douwe. Ni wako."

Godoro liliitikia, kama mtu anapojigeuza. Wytske alivuta pumzi ndefu. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, jasho la kwanza tangu Krismasi.

Ndipo mlango wa chini ukabishwa tena. Kwa ngumi, safari hii.

Rixt alishuka. Jikoni hapakuwa na mtu. Gatske alikuwa ametoka na soksi tu kuvitupa vile viatu mferejini, na mlango ulikuwa umejifunga nyuma yake. Komeo lilikuwa limeingia mpaka mwisho. Komeo la ndani.

"Nifungulie! Ni mimi, Gatske!"

Rixt alishika komeo. Chuma kilikuwa na joto, kama kimetoka tu kwenye kiganja cha mtu.

"Wa kwanza kubisha," alisema kupitia mlangoni. "Mlikuwa mnasemaje?"

"Rixt, miguu yangu..."

"Mlikuwa mnasemaje?"

Kilio kikatoka upande wa pili. "Hakuwa mchawi. Nilijua kesho yake tu. Ndoo aliiacha mlangoni, maziwa yameganda. Nilijua, sikusema!"

Rixt alifungua.

Mpaka anakufa alisisitiza kwamba alifungua mara moja, Gatske alipomaliza tu neno hilo. Bauke, aliyerudi saa tisa na robo, alimkuta Rixt akimmiminia Gatske maji ya uvuguvugu miguuni, kwa sababu soksi zilikuwa zimegandia kwenye jiwe la kizingiti na hazibanduki. Pia alikuta sufuria imekauka, imeungua mpaka chini. Nimeandika maneno ya wote wawili kama walivyoyasema. Sufuria iliyojaa pomoni haikauki kwa neno moja.

Gatske alipoteza vidole vitatu vya mguu wa kushoto. Jumapili ya wiki iliyofuata alisimama kanisani kwa magongo, akayarudia maneno yale mbele ya mji mzima. Watu walitazama sakafu. Rixt alimsikiliza mpaka mwisho na hakumpa mkono.

Baada ya siku tisa Wytske alikuwa na nguvu ya kusafiri. Rixt alimleta kwake Ljouwert, akamlaza kwenye kitanda kipya alichokinunua wiki ileile, ambacho hakuna mtu aliyewahi kukilalia.

Asubuhi alimkuta amelala ukingoni kabisa, usingizi mzito, mashavu mekundu. Rixt alipitisha mkono upande mtupu. Shuka lilikuwa limelowa. Juu yake palikuwa na vijani vidogo vya mviringo, vya yale magugu laini yanayofunika mifereji wakati wa kiangazi.

Alivikwangua kwa ukucha, akahesabu kumi na kimoja, akaviweka kwenye sahani yenye maji dirishani. Nje, barafu ilikuwa bado inabeba watu.

Kufika jioni vilikuwa vimejaa sahani nzima, na vilikuwa vikiendelea kuongezeka.