Hodi Elfu kwa Dakika

Tarishi wa kwanza wa hospitali alifika saa nne asubuhi, na Shujaa akamng'oa mkono kabla hajaugusa mlango. Mkono ule wa chuma uliruka ukapasua tangi, maji yakatapakaa ua mzima.

Shujaa alikuwa ukuta-moto: mtambo wenye umbo la mtu, unaokaa kizingitini ukikagua kila wimbi la mtandao linalotaka kuingia nyumbani. Karibu kila nyumba ya Korogwe Mpya ilikuwa na wake, maana wezi wa zama hizo hawakuvunja madirisha. Walipita hewani, wakaiba sura ya mtu na sauti yake. Aliyeziunda kuta-moto hizo ni Fundi Sikudhani Shekiondo, akazifunza adabu aliyolelewa nayo: mgeni hupiga hodi mara tatu, asipojibiwa huenda zake. Anayezidi kugonga ana lake jambo. Huyo apigwe.

Sasa Sikudhani alikuwa amepiga magoti sebuleni, kichwa cha mumewe Hizza mapajani. Pampu iliyokuwa kifuani mwa Hizza badala ya moyo ilipokea amri kutoka kwenye seva ya hospitali, na tangu alfajiri haikuwa imepokea kitu. Midomo yake ilikuwa ya buluu.

"Mhina!" Sikudhani alifoka kwenye simu. "Seva yenu ina nini?"

"Tumeibadilishia programu alfajiri, mama," alijibu Mhina, msimamizi wa seva. "Mlinzi wako hajui sauti mpya ya seva. Imepiga hodi, kimya. Sasa inagonga mara elfu kwa dakika."

"Elfu! Imelelewa wapi hiyo?"

"Imelelewa kutomkatia tamaa mgonjwa! Ikikosa jibu hutuma matarishi wavunje mlango. Zima hilo dubwana lako."

"Halizimwi ila kwa sauti ya mwenye nyumba, naye Hizza hajitambui. Izime wewe seva."

"Kuna wagonjwa elfu nne juu yake. Nichague nani?"

Nje matarishi watatu walimvamia Shujaa kwa pamoja. Akamkamata mmoja shingo, akamponda ukutani hadi mafuta yakachuruzika. Wa pili alikanyagwa kifua. Wa tatu akapasuka vipande.

Sikudhani akachukua nyundo ya kuvunjia mawe. "Bismillahi," alisema, akatoka.

"Shujaa, sogea. Ni mimi niliyekuunda."

"Nakufahamu, mama," mtambo ulijibu kwa upole. "Mwenye nyumba hajasema."

Sikudhani alimpiga jichoni. Kioo kikavunjika. Alipoinua nyundo tena, Shujaa aliudaka mkono wake wa kulia, akaubana, na Sikudhani akasikia mifupa yake ikilia kama kuni kavu. Hakuuvuta. Akahamishia nyundo kushoto, akapiga shingoni, akapiga, akapiga, mpaka nyaya zikakatika cheche zikamchoma uso. Vidole vya chuma vikalegea.

Amri ya seva ikaifikia pampu. Sikudhani alipokimbilia ndani, Hizza alivuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo. Akafumbua macho.

"Mke wangu," alinong'ona. "Mkono wako..."

"Nyamaza upumue."

Hapo ndipo Sikudhani alipousikia mtaa. Kila upande chuma kiligonga chuma, na watu walipiga mayowe.

"Mhina," alisema kwenye simu, "mtaa huu una pampu ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Nisomee majina. Aliye hoi zaidi kwanza."

"Mama, hao walinzi wengine hawakujui. Huyo wako alikuwa anakuhurumia."

"Soma."

Hizza alimshika upindo wa kanga. Sikudhani alivifungua vidole vyake kimoja kimoja, taratibu, kisha akaufunga mkono uliopondeka kifuani kwa mtandio.

"Mwalimu Nampombe, nyumba ya pili," Mhina alianza. Kisha akaguna. "Huyo basi tena, mama. Pampu yake imesimama sasa hivi."

Sikudhani alifumba macho, midomo ikicheza kwa dua fupi. Akaiokota nyundo.

"Wa pili nani?"